Daktari Mahakamani: Historia ya Upimaji wa Akili na Ushauri Nasaha katika Kifungo cha Nje

Hakimu anapomwacha mkosaji arudi nyumbani kwa masharti badala ya kumpeleka gerezani, sharti mojawapo huweza kuwa kuonana na mtaalamu wa akili: kwanza apimwe, kisha ahudhurie ushauri nasaha kwa muda utakaopangwa. Katika mahakama za Marekani na Uingereza agizo hilo si jambo geni tena. Hata hivyo, limefunga pamoja kazi mbili zisizo na asili moja. Kifungo cha nje, au probesheni, kilianzishwa na waumini na wapinga ulevi wa karne ya 19 ambao hawakuwa na elimu ya tiba. Upimaji wa akili ulitoka hospitalini na vyuo vikuu mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi hizo zilikutana Chicago mwaka 1909, na tangu hapo swali moja limezisumbua: anayoyasema mtu mbele ya daktari aliyechaguliwa na mahakama ni siri yake, au ni ushahidi?

Mwanzo wa probesheni kwa kawaida huwekwa Boston, Agosti 1841. Mtu mmoja aliletwa kwenye mahakama ya polisi kwa kosa la ulevi wa kupindukia, na kilichokuwa kikimngoja ni kufungwa. John Augustus, fundi viatu na mfuasi wa chama cha kupinga pombe, alizungumza naye kidogo, akaridhika kwamba si wa kukatiwa tamaa, akamwekea dhamana. Yule mtu alitia saini ahadi ya kuacha kunywa. Alipoletwa tena baada ya wiki 3 alikuwa amebadilika kiasi cha kuwashangaza waliomwona mara ya kwanza, na hakimu akamtoza faini ya senti 1 pamoja na gharama za kesi, jumla dola 3 na senti 76.

Augustus hakumdhamini kila aliyemwonea huruma. Kabla ya kusimama mbele ya hakimu aliulizia mwenendo wa mtu wa siku za nyuma, umri wake, na aina ya watu atakaoishi nao akiachiwa. Hiyo tayari ni tathmini, ingawa ilifanywa na fundi viatu asiye na kipimo chochote mkononi zaidi ya uzoefu wake wa watu. Mpaka anafariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini karibu watu 2,000, wanaume kwa wanawake. Upinzani mkali aliupata kwa maofisa wa mahakama waliokuwa wakilipwa ujira kwa kila mlevi aliyepelekwa kufungwa: kila aliyeokolewa alikuwa hasara mifukoni mwao.

Massachusetts ilitunga sheria mwaka 1878 ikimruhusu meya wa Boston kuajiri afisa wa probesheni, na aliyeteuliwa wa kwanza, Edward Savage, alikuwa mkuu wa zamani wa polisi wa mji huo. Mwaka 1891 utaratibu ukaenezwa jimbo zima. Maofisa wa kizazi hicho walikuwa polisi wastaafu, wahubiri na wanawake wa vyama vya hisani. Ushauri wao haukuwa na siri kubwa: acha pombe, tafuta kazi, jitenge na marafiki wabaya, nenda kanisani. Mkosaji aliyeshindwa alihesabiwa kuwa dhaifu wa nia au mkaidi. Ilikuwa nadra mtu kuuliza kama kuna sababu nyingine ndani yake.

Swali hilo liliulizwa kwa dhati juu ya watoto. Mahakama ya kwanza ya watoto ilianza kazi Chicago Julai 1899, na probesheni ndiyo iliyokuwa mhimili wake, kwa kuwa lengo lilikuwa kumlea mtoto na si kumwadhibu. Baada ya miaka michache wanawake walioipigania mahakama hiyo, miongoni mwao Julia Lathrop wa Hull House, nyumba ya huduma za jamii mjini humo, waliona watoto walewale wakirudishwa tena na tena. Mtoto alipewa afisa, akaonywa, akahamishiwa kwa jamaa, na bado akaiba. Mwaka 1909 Ethel Sturges Dummer, mama tajiri wa mji huo, alijitolea kugharimia kwa miaka 5 kituo cha kuwachunguza watoto waliokuwa wakirudia makosa. Kiliitwa Juvenile Psychopathic Institute, na mkuu wake alikuwa William Healy, daktari mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Chicago na kusoma Harvard.

Uchunguzi wa Healy ulikwenda kwa hatua. Mtoto alipimwa mwili kwanza: macho, masikio, meno, mishipa ya fahamu. Mama au mlezi akahojiwa juu ya ujauzito, magonjwa ya utotoni, ulevi na vifo katika ukoo. Kisha vikaja vipimo vya akili, vingine vya kubuniwa na Healy mwenyewe kwa sababu vile vya Ufaransa vilitegemea mno lugha, na wengi wa watoto wale walizaliwa na wahamiaji wasiojua Kiingereza vizuri. Kimojawapo kilikuwa picha kubwa yenye watu katika shughuli mbalimbali, iliyokatwa miraba 10. Mtoto alipewa vipande vingi mchanganyiko achague kinacholeta maana katika kila pengo. Asiyejua kusoma aliweza kukifanya sawa na mwenzake wa shuleni. Mwishoni mtoto aliachiwa nafasi asimulie mambo yake kwa maneno yake, bila mzazi na bila afisa chumbani. Healy aliithamini sehemu hii kuliko zote. Humo ndimo yalimotoka mambo ambayo hakuna afisa aliyewahi kuyasikia: kijana aliyeanza kuiba baada ya kuambiwa kwamba baba anayemlea si baba yake, au mtoto aliyefundishwa mambo ya aibu na mkubwa wake akabaki nayo kifuani.

Kitabu chake cha mwaka 1915, The Individual Delinquent, kilivunja imani ya muda mrefu. Mtaalamu wa Italia Cesare Lombroso alikuwa amefundisha kwamba mhalifu huzaliwa na alama zake mwilini. Healy, akiwa na kumbukumbu za watoto na vijana wengi, alisema hakuna sababu moja. Kila mkosaji ana mkururo wake. Kwa mahakama hilo lilikuwa na uzito wa kiutendaji: kama kila mtu ana sababu zake, basi hakuna hakimu anayeweza kupanga masharti ya probesheni kabla ya kupata ripoti.

Mji huohuo ulionyesha pia sura ya pili ya ripoti hizo. Mwaka 1914 Mahakama ya Manispaa ya Chicago, chini ya jaji mkuu Harry Olson, ilifungua maabara yake ya upimaji wa akili ikiongozwa na daktari William Hickson. Olson aliamini kwamba uhalifu ni urithi wa damu, na kwamba dawa yake ni kuwatenga wenye kasoro na kuwazuia wasizae. Mwaka 1922 maabara hiyo, chombo cha mahakama, ndiyo iliyochapisha kitabu cha Harry Laughlin kilichotetea sheria za kuwahasi watu kwa nguvu, pamoja na mfano wa sheria ambao baadaye ulisomwa kwa makini Ujerumani ya Hitler. Vipimo havikutofautiana sana na vile vya Healy. Kilichotofautiana ni walichotaka kukijua wale walioviagiza, na historia za taaluma hii zinazopenda kuanza na Healy na kuruka Hickson hazimtendei haki msomaji.

Healy na msaidizi wake, mwanasaikolojia Augusta Bronner, walihamia Boston mwaka 1917 kuongoza Judge Baker Foundation, kituo kilichopewa jina la Harvey Baker, jaji wa kwanza wa mahakama ya watoto ya mji huo. Hapo mfano wa kliniki ya mahakama ulikomaa: daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia na mfanyakazi wa ustawi wa jamii wakikaa meza moja na kumpelekea jaji mapendekezo. Mfano huo ulienea miji mingi. Baltimore, kwa mfano, iliajiri daktari wa mahakama, na kuanzia mwaka 1930 nafasi hiyo ilishikwa kwa zaidi ya miaka 30 na Manfred Guttmacher. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1921 ililazimisha washtakiwa wa makosa makubwa na wa kurudia wapimwe akili kabla ya kesi; lakini huo ni uchunguzi wa namna nyingine, unaouliza kama mtu ana akili timamu ya kushtakiwa, wala haumhusu moja kwa moja aliyekwisha kupewa kifungo cha nje.

Kisha likaja pigo. Sheldon na Eleanor Glueck wa Harvard waliwafuatilia vijana 1,000 waliopitia mahakama ya watoto ya Boston na kuchunguzwa na kliniki ya Healy. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1934 yalionyesha kwamba asilimia 88 walikuwa wamerudia makosa ndani ya miaka 5. Watetezi wa kliniki walijibu kwamba mapendekezo yake mengi hayakutekelezwa, na jibu hilo lilikuwa na ukweli: daktari aliandika kwamba kijana ahamishwe mtaa au apewe tiba ya muda mrefu, afisa wa probesheni mwenye mamia ya mafaili akaisoma ripoti na kuiweka. Kupima kulikuwa kumefika mbali. Kutibu hakukuwa kumeanza. Kuanzia hapo mkazo ulihamia kwenye ushauri wenyewe.

Uingereza ilifika mahali hapo kwa njia yake. Wamisionari wa mahakama za polisi walianza kazi mwaka 1876 chini ya chama cha Kianglikana cha kupinga ulevi, baada ya mchapaji mmoja, Frederic Rainer, kutoa shilingi 5 kwa ajili ya walevi waliokuwa wakipita mahakamani bila msaada. Sheria ya mwaka 1907 iliwapa maofisa kazi ya kumshauri, kumsaidia na kumfanyia urafiki aliye chini yao. Mwaka 1919 mahakimu wa Birmingham waliafikiana na daktari wa gereza, Maurice Hamblin Smith, awachunguze washtakiwa kabla ya hukumu. Mwaka 1931 ikaanzishwa London taasisi ya tiba ya wahalifu ambayo kliniki yake baadaye ilijulikana kwa jina la Portman. Mahakimu walipeleka watu huko kwa hiari yao, bila sheria ya wazi, mpaka Sheria ya Haki za Jinai ya mwaka 1948.

Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kilikuwa cha kwanza Uingereza kuifanya tiba ya akili kuwa sharti kamili la probesheni, na masharti yake yaliandikwa kwa uangalifu ambao Marekani haikuwa nao. Ilihitajika daktari aeleze kwamba hali ya mshtakiwa inatibika, na kwamba si kali kiasi cha kumlaza kwa nguvu. Muda wa tiba haukuruhusiwa kuzidi miezi 12. Mshtakiwa mwenyewe ilibidi akubali. Na mgonjwa alipolazwa, afisa wa probesheni alibaki na kazi chache tu za kisheria. Tiba ilikuwa chini ya daktari. Kukubali huko bila shaka kulikuwa na kasoro yake, maana anayeulizwa kama anataka tiba huku gereza likiwa ndilo chaguo la pili hana uhuru mkubwa wa kukataa. Lakini sheria angalau ilitambua kwamba daktari na afisa si mtu mmoja.

Probesheni ya Uingereza ndiyo iliyovuka bahari hadi Afrika Mashariki. Kenya ilipata sheria yake mwaka 1943 na idara ilianza kazi mwaka 1946. Tanganyika ilifuata mwaka 1947. Lugha ya kushauri, kusaidia na kufanya urafiki ilinakiliwa kutoka sheria ya 1907. Kliniki hazikuja nayo. Afisa wa probesheni wa Nyeri au Morogoro aliandika ripoti yake kwa kuzungumza na wazazi, chifu, jirani na mlalamikaji, na hadi leo uzito wa ripoti kama hiyo uko katika kama jamii iko tayari kumpokea mtu huyo. Wataalamu wa akili walikuwa wachache na walifungiwa katika hospitali kubwa, Mathari ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1910 na Mirembe ya Dodoma iliyofuata mwaka 1927, ambako mahakama ziliwapeleka hasa washtakiwa wa mauaji. Tena elimu yenyewe ilikuwa imechafuka. J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Mathari, aliandika mwaka 1954, kwa ombi la serikali ya kikoloni, ripoti iliyoeleza vita vya Mau Mau kama matokeo ya akili zilizoyumbishwa na mabadiliko, huku suala la ardhi likisukumwa pembeni. Kwa wasomaji wengi wa Kenya hilo lilitosha kueleza kinachoweza kutokea dola inapomwajiri daktari kueleza kwa nini watu wanaikataa.

Marekani, ripoti za kabla ya hukumu zilizidi kupata nguvu. Katika kesi ya Williams dhidi ya New York ya mwaka 1949, baraza la wazee wa mahakama lilipendekeza kifungo cha maisha, lakini jaji akatoa adhabu ya kifo akitegemea pia mambo aliyoyasoma katika ripoti ya probesheni, ambayo walioyasema hawakuwahi kuhojiwa mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu, ikieleza kwamba hukumu ya kisasa inapaswa kumlenga mtu na si kosa tu. Ndiyo hoja ya Healy, sasa ikiwa imebeba adhabu ya kifo.

Imani katika tiba iliporomoka mwaka 1974. Robert Martinson, aliyepitia tafiti nyingi za programu za urekebishaji, alichapisha makala iliyosomwa na wanasiasa kama tangazo kwamba hakuna kinachofaa. Mwaka 1979 alirekebisha sehemu ya hoja yake, ila wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuacha kusikiliza. Jibu lililodumu lilitoka Kanada. Don Andrews na James Bonta walidai kwamba ushauri hufaa ukielekezwa kwa walio katika hatari kubwa ya kurudia makosa, na ukigusa mambo yanayoleta makosa hayo, kama marafiki, ulevi na mazoea ya kufikiri. Dodoso lao, lililotengenezwa kwa ajili ya maofisa wa probesheni wa Ontario, lina maswali 54 na huishia kwenye alama. Wazo la kumpa mkosaji alama halikuwa jipya. Ernest Burgess wa Chicago aliwahi mwaka 1928 kutumia vigezo 21 kukadiria nani angefaulu akiachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, yaani parole. Jipya lilikuwa kwamba dodoso liliweza kujazwa na afisa aliyepewa mafunzo mafupi, na hivyo tathmini nyingi zikatoka tena mikononi mwa madaktari.

Miaka ya mwisho ya karne ilileta mahakama maalumu. Duluth, Minnesota, ilianza mwaka 1981 kuwapeleka wanaume waliowapiga wake zao kwenye vikundi vya mafunzo badala ya jela. Miami ilifungua mahakama ya dawa za kulevya mwaka 1989, ambapo tiba ilijumuisha hata sindano za Kichina za kuchoma masikioni, na jaji alimwita mshtakiwa mmoja mmoja kumuuliza kuhusu majibu ya vipimo vya mkojo. Kaunti ya Broward, jirani, ilifuata na mahakama ya afya ya akili mwaka 1997. Katika mahakama hizi jaji mwenyewe alikuwa sehemu ya kikundi cha tiba, jambo ambalo lingewatia wasiwasi watunzi wa sheria ya 1948. Gharama nazo zilihamia kwa mkosaji. Sehemu nyingi za Marekani hulipisha ada ya probesheni, na ya ushauri vilevile. Mwaka 1983 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Bearden dhidi ya Georgia kwamba mtu hawezi kunyang'anywa probesheni kwa kushindwa kulipa faini au fidia ikiwa alijitahidi kwa nia njema na hana kitu, isipokuwa kama hakuna adhabu mbadala inayotosha. Ada za ushauri zimeendelea kuzusha mashauri ya aina hiyohiyo.

Swali la siri lilifikishwa mahakamani mwaka mmoja baadaye, katika kesi ya Minnesota dhidi ya Murphy. Mshtakiwa alikuwa na probesheni ya miaka 3 kuanzia 1980, kwa masharti kwamba ahudhurie tiba ya wakosaji wa kijinsia na amwambie afisa wake ukweli katika kila jambo. Katika tiba alikiri kumbaka na kumuua msichana mwaka 1974, kosa ambalo hakuwahi kutiwa hatiani kwalo. Mshauri alimweleza afisa wa probesheni. Afisa akamwita ofisini, akamuuliza, naye akakiri tena, akidhani maneno yale yalikuwa siri. Mahakama Kuu ilikubali ushahidi huo. Haki ya kutojitia hatiani anayo hata aliye chini ya probesheni, ilisema, lakini ni juu yake kuidai papo hapo. Aliyejibu bila kuidai amejibu kwa hiari. Majaji wachache waliopinga waliona kwamba mtu aliyeamriwa kusema kweli kila anapoulizwa hakuachiwa nafasi ya kujua kwamba anaweza kunyamaza.

Miaka 12 baadaye, katika Jaffee dhidi ya Redmond, mahakama hiyohiyo ilitamka kwamba mazungumzo ya mgonjwa na mtaalamu wa saikolojia yanalindwa katika mahakama za shirikisho, na hata yale ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyesajiliwa kutoa ushauri. Ulinzi huo hauwafikii sana walio kwenye probesheni, kwa kuwa wengi hutia saini hati ya kuuacha kabla ya kikao cha kwanza. Hati hizo sasa huorodhesha atakachoambiwa afisa. Kwa kesi za kawaida ni mahudhurio, ushiriki na dalili za hatari ya kudhuru mtu, huku maelezo mengine yakibaki katika faili la mshauri. Programu za wakosaji wa kijinsia katika majimbo mengi hudai zaidi: mteja aeleze historia yake yote ya makosa, na mara nyingi athibitishe kwa mashine ya kupima uongo. Baadhi ya majimbo humpa kinga ya kutoshtakiwa kwa atakayoyasema humo. Asipopewa kinga hiyo, mawakili wengi humshauri asijibu lolote linalohusu kosa ambalo hajashtakiwa nalo mpaka jaji aliyetoa agizo alitolee uamuzi.